Simu Moja Haitoshi

Mama Mwenyekiti alinipigia saa mbili usiku nikiwa mezani. Hakuanza na salamu, na mama yule salamu zake huwa hazipungui dakika mbili: za kazi, za watoto, za mvua, za mguu wangu ulioteguka mwaka juzi. Siku hiyo aliingia moja kwa moja.

"Mwanangu, hiki kidude chako hakina pa kubonyeza."

Kidude chenyewe ni programu ya simu niliyoitengeneza kwa ajili ya kikundi chao cha kuweka na kukopa huku Kigamboni, wanawake 28, ili waachane na lile daftari kubwa ambalo kila mwaka hupoteza kurasa mbili tatu, na kurasa zinazopotea, kwa bahati mbaya sana, huwa ni za wenye madeni. Nilikuwa nimeijaribu kwa wiki tatu. Kitufe cha kuhifadhi kilikuwepo, cha kijani, kimechukua upana wote wa kioo. Nikamwambia, "Shikamoo mama, hebu angalia chini kabisa."

"Chini wapi? Chini kuna meza."

Nilifungua simu yangu, kitufe hiki hapa. Nikaifuta programu nikaiweka upya, kitufe hiki hapa. Nikalala nikiwa na uhakika kwamba tatizo ni la mama. Nalisema hili kwa aibu, kwa sababu ndilo wazo la kwanza la kila mwandika programu ninayemfahamu, na sijawahi kuona likiwa sahihi.

Jumamosi nikapanda pantoni, kompyuta mgongoni, nikavuka kwenda Kariakoo. Huko tuna chumba nyuma ya duka la fotokopi ambacho mwenye duka hutuachia kuanzia saa nane mchana. Tuko wanane, siku nyingine watano. Hatuna katibu wala ada, ila anayechelewa ananunua karanga. Tumekutanishwa na kitu kimoja tu: sote tunatumia Flutter, na kila mmoja amekwama mahali.

Nikaeleza kisa cha kitufe. Watu wakaanza kubuni. Labda toleo la Android ni la zamani, labda simu ni feki, labda kioo kimekufa upande wa chini. Dada mmoja anayefundisha hesabu sekondari hakubuni. Aliuliza: "Huyo mama ana umri gani?"

"Sitini na kitu."

"Basi simu yake ina maandishi makubwa."

Akachukua simu yangu, akaingia kwenye mipangilio, akasukuma ukubwa wa maandishi hadi mwisho, akaifungua programu yangu ikiwa bado imeunganishwa kwa waya na kompyuta. Chini ya kioo ukatokea mkanda wa mistari ya njano na nyeusi, kama ule wa kuzuia watu wasitumbukie kwenye mtaro unaochimbwa, na maandishi madogo mekundu yakinijulisha kwamba nimezidisha piseli 86. Maneno yalikuwa yamenenepa, yakasukuma visanduku, visanduku vikakisukuma kitufe changu cha kijani hadi nje ya kioo. Kweli kabisa, kilikuwa mezani.

Ile mistari ya njano na nyeusi huonekana tu wakati programu iko kwa fundi. Ukishaifungasha na kumpa mtumiaji, mistari haichorwi tena. Kilichozidi kinapotea chini kimyakimya. Kosa linavaa nguo za kiraia. Dawa yake ilikuwa kuufunga ule mpangilio wote ndani ya kitu kinachoviringika, SingleChildScrollView, yaani mstari mmoja juu na mabano chini. Wiki tatu za kujiamini zikaishia kwenye mstari mmoja, tena niliouelewa kwa sababu mtu mwingine alijua jinsi wazee wanavyosoma simu zao.

Nirudi nyuma kidogo kwa wasioijua Flutter. Ni chombo cha kuundia programu za simu na kompyuta kinachotunzwa na Google, na kodi yake, yaani maandishi yanayoielekeza kompyuta ifanye nini, iko wazi kwa yeyote kuisoma. (Kwetu tunasema kodi, na mama yangu aliamini kwa miaka miwili kwamba nimeajiriwa kukusanya mapato.) Mwaka 2015 kilionyeshwa kwa mara ya kwanza kikiitwa Sky, na toleo la 1.0 likatangazwa London tarehe 4 Desemba 2018. Lugha yake ni Dart, waliyoianzisha Lars Bak na Kasper Lund na kuitambulisha mjini Aarhus, Denmark, Oktoba 2011. Kwa miaka kadhaa Dart ilikuwa kama bwana harusi aliyekosa bibi harusi, hadi Flutter ilipokuja kumposa.

Kinachowavuta watu ni hiki: unaandika mara moja, na kodi ileile inatoa programu ya Android, ya iPhone, ya Windows na ya kivinjari. Flutter haiiombi simu ikuchoree kitufe. Inachora yenyewe kila piseli, ndiyo maana kitufe kinafanana kila mahali. Na ukiwa unatengeneza, unabadilisha rangi kwenye kompyuta, unahifadhi, na simu iliyo kwenye waya inabadilika kabla hujanyanyua macho. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilibadilisha rangi ya kijani kuwa nyekundu na kurudi kijani mara kumi hivi, bila sababu yoyote.

Kwa Kiswahili chombo ni kifaa na chombo ni jahazi, na kila ninapovuka kwa pantoni nawaza kwamba Flutter ni vyote viwili. Ila pantoni haijui kinachokusubiri ng'ambo. Kodi moja ndiyo, lakini ng'ambo kuna simu za kila aina: zenye kioo kilichopasuka, zenye nafasi ya megabaiti 200 tu iliyobaki, za mtu aliyeweka lugha ya Kiarabu na mpangilio wote ukageuka kulia kwenda kushoto. Mimi nina simu moja. Hakuna kati yetu anayeweza kumiliki zote, kwa hiyo pale chumbani simu za wenzako ndizo maabara yako.

Tatizo kubwa zaidi ni iPhone. Kuikusanya programu ya iPhone, yaani kuigeuza kodi iwe kitu kinachofunguka kwenye simu, kunahitaji Xcode, karakana ya Apple, na Xcode inakaa kwenye kompyuta za Apple, zile Mac, peke yake. Kati yetu wanane mwenye Mac ni mmoja, kaka mwenye studio ya picha za harusi, na tunamwita Mzee wa Tufaha ingawa hajafika miaka thelathini. Mweka hazina wa kikundi changu ana iPhone aliyoletewa na binti yake aliyeko Muscat, na mweka hazina ndiye mtu ambaye huwezi kumwambia asubiri. Nikampelekea Mzee wa Tufaha kodi yangu, akaikusanya, akaiweka kwenye simu ya mama yule. Tukapongezana, tukala chipsi.

Baada ya wiki moja programu ikagoma kufunguka. Ukitumia akaunti ya bure ya Apple kuweka programu yako kwenye simu, ruhusa yake inaisha baada ya siku saba. Basi ikawa kila Ijumaa mweka hazina wetu anavuka maji na iPhone yake kwenye mkoba, anaketi studio kati ya picha za maharusi, anasubiri "kuchomwa sindano", maneno yake mwenyewe, kisha anarudi. Wiki sita. Mzee wa Tufaha hakudai hata senti, ila mke wake alianza kuuliza huyu mama ni nani. Mwishowe kikundi kikakubali kulipa dola 99 za mwaka za akaunti ya kulipia ya Apple, na mjadala wa kuikubali ulichukua vikao viwili.

Kuna msaada mwingine ambao nadhani watu wa nchi zenye intaneti ya bei rahisi hawaujui, nao ni wa flashi. Mtu anayeanza anahitaji kushusha Flutter yenyewe, Android Studio, vifaa vya Android, kisha siku ya kwanza ya kukusanya programu Gradle, mtambo unaokusanya programu za Android, nayo inaanza kushusha vitu vyake. Hapo tunazungumzia gigabaiti kadhaa kabla hujaandika neno lako la kwanza kwenye kioo. Bando la wiki linaisha asubuhi. Kwa hiyo chumbani kuna flashi ya gigabaiti 64, imefungwa uzi mwekundu isiibiwe, yenye kila kitu: vifurushi vya kusakinisha na yale makabati yaliyojificha ambamo kompyuta huweka pakeji, vipande vya kodi vilivyoandikwa na wengine, ilizokwisha kushusha. Unanakili, kisha unaiambia Flutter ichukue pakeji bila intaneti, amri ipo, unaongeza --offline tu. Toleo lako likitofautiana hata kidogo na la kwenye flashi, Gradle inakimbilia mtandaoni kama hukuwahi kunakili kitu, ndiyo maana wanane sote tunapandisha toleo siku moja. Kuna kijana alipandisha peke yake usiku kwa shauku. Alishinda wiki nzima akiomba bando.

Sasa niseme kuhusu namna tunavyoulizana, maana hapo ndipo nina malalamiko.

Swali linaloletwa mara nyingi zaidi pale chumbani ni neno moja: "Inagoma." Inagoma nini, baada ya kufanya nini, kwenye simu ipi, hakuna. Kama likija kwa simu, linakuja na picha: kioo cha kompyuta kimepigwa kwa kamera, kimepinda, taa ya bulbu inang'aa katikati, na yale maandishi mekundu yameonekana nusu ya chini tu, nusu isiyo na faida. Nimewahi kukasirika, nikajibu vibaya, nikaombwa radhi na mtu ambaye hakunikosea. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyenionyesha kitu. Kwake mtu akisema inagoma, anamwambia, "Nisomee kwa sauti kuanzia mstari wa juu." Basi. Hamsaidii, anamsikiliza. Na watu wengi hawafiki mstari wa tatu.

Kijana mmoja alikuja na programu ya kuonyesha bei za mazao. Maandishi mekundu yalikuwa yanamwagika kila alipotoka kwenye ukurasa haraka. Akaanza kusoma, kwa Kiingereza cha kutafuta, kwamba setState, amri ya kuuchora ukurasa upya, imeitwa baada ya dispose, amri ya kuutupa. Akanyamaza. "Baada ya dispose," akarudia. "Kwani ukurasa si nimeshaufunga?" Ndiyo. Alikuwa ameomba bei kutoka kwenye seva, mtandao ukawa mzito, akarudi nyuma, na bei zilipofika ukurasa ulikuwa haupo. Tarishi kaja na barua, nyumba imeshahamwa, naye anang'ang'ania kuibandika ukutani. Mwalimu akamwonyesha jinsi ya kuuliza kwanza kama ukurasa bado upo, if (!mounted) return, kabla ya kubadilisha chochote. Nina hakika angemwandikia mstari huo kimyakimya, yule kijana angerudi nao tena mwezi uliofuata akiwa na ukurasa mwingine.

Siku hizi wengi wanakuja na majibu waliyopewa na akili mnemba, na siyapingi, mimi mwenyewe natumia. Lakini kuna Jumamosi nzima ilipotea kwa sababu ya kodi nzuri, safi, yenye maelezo, iliyojaa FlatButton na RaisedButton, vitufe vilivyoondolewa kwenye Flutter zamani na nafasi yake kuchukuliwa na TextButton na ElevatedButton. Mashine haikuona haya hata kidogo. Mwenzio wa pembeni angalau huona haya.

Kisa cha saa lazima nikisimulie, kwa sababu hakuna mtu wa Aarhus wala London ambaye angenisaidia.

Kikundi hukutana Jumamosi saa kumi jioni. Niliweka kikumbusho: Mama Mwenyekiti anachagua siku na saa, programu inawagutua wote 28. Akachagua 10:00, kwa nini asichague, saa ni kumi. Simu zikalia saa nne asubuhi. Wanawake tisa waliacha biashara zao wakaenda kukuta mlango umefungwa, na mmoja wao anauza supu, saa nne ndiyo saa yake.

Nilitaka programu ionyeshe saa kama tunavyoisema. Flutter inakijua Kiswahili, siku zinatoka Jumatatu hadi Jumapili vizuri, hata kitufe cha kuacha kinaandikwa Ghairi (Mama Mwenyekiti aliuliza, "Kughairi nini, ndoa?"), lakini saa inabaki ya Kizungu. Nikaandika msururu wa masharti: kama ni chini ya saba jumlisha sita, kama ni kuanzia saba toa sita, kama bado imezidi kumi na mbili toa kumi na mbili. Mistari kumi na saba. Kijana wa bei za mazao, yuleyule, akaitazama akaniuliza kwa nini situmii baki, kile kinachosalia ukigawanya. Nikamwambia nimetoka kwenye JavaScript, lugha nyingine ya programu, huko ukichukua moja ukatoa sita ukagawanya kwa kumi na mbili, baki yake ni hasi, saa hasi tano, inaharibika. Akaandika (1 - 6) % 12 kwenye Dart, % ndiyo alama ya baki. Jibu: 7. Saa saba usiku.

Kwenye Dart baki ya alama hiyo haiwi hasi kamwe. Mistari yangu kumi na saba ikawa miwili: toa sita, chukua baki ya kumi na mbili, ikiwa sifuri andika kumi na mbili. Alfajiri ya saa 6:00 inakuja sifuri, inaandikwa saa kumi na mbili asubuhi. Adhuhuri ya 12:00 inakuja sita. Nilijisikia kama mtu aliyefundishwa kufunga viatu na mdogo wake.

Kuna jambo lililotushinda. Mzee mwenye duka la fotokopi, mtu wa Pangani, alitusikia akaingilia: "Na usiku wa Ijumaa mtauweka lini?" Kwake usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishazama, na ana watu wengi wa pwani nyuma yake. Kwa vijana wa chumbani usiku wa Ijumaa ni Ijumaa yenyewe usiku. Tulibishana hadi karanga zikaisha. Mwishowe nimeandika "usiku wa kuamkia", ni ndefu, kwenye simu yenye maandishi makubwa inakatika, lakini hakuna atakayekwenda siku isiyo yake.

Ilipofika wakati wa kuiweka programu Google Play nilikutana na sharti ambalo linawahusu wenye akaunti mpya za mtu binafsi: kwanza watu wasiopungua 12 waijaribu kwa siku 14 mfululizo. Ilipoanza, mwishoni mwa 2023, walitakiwa 20. Desemba 2024 wakapunguzwa. Dola 25 za kufungua akaunti unalipa mara moja, watu 12 hawauzwi dukani. Pale chumbani imekuwa kama mchezo wa upatu: leo tunaijaribu ya kwako, mwezi ujao ya kwangu. Simu yangu ina programu ya bei za mazao, ya mahudhurio ya shule, na moja ya kuhesabu mayai ya kuku ambayo naifungua kwa uaminifu kila siku ingawa sina kuku.

Nilipata wanane wa kikundi na watatu wa chumbani. Akabaki mmoja. Nikampigia mama yangu Korogwe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Kiswahili miaka thelathini na mbili.

"Nifungue nifanye nini?"

"Ufungue tu mama, uangalie, ufunge. Kila siku, siku kumi na nne."

"Na hiyo ndiyo kazi ya kodi?"

Akakubali. Kila siku saa moja jioni, kabla ya taarifa ya habari, anafungua. Siku ya tano akapiga simu. Nikajua kuna jambo, kwa sababu alitumia sauti ya darasani.

"Nimefuta mkopo wa mtu, samahani."

"Si wa kweli mama, ni wa majaribio."

"Haya. Lakini kimeniambia 'Mkopo imefutwa'. Nikafuta na mwanachama, kikasema 'Mwanachama imefutwa'. Nikafuta marejesho, 'Marejesho imefutwa'. Nani alikufundisha?"

Nilikuwa nimeandika sentensi moja yenye tundu: jina la kitu, kisha "imefutwa". Kwa lugha isiyo na ngeli inapita. Wenzangu saba wote waliiona sentensi ile, wakaipita, na mimi niliipita kila siku kwa miezi minne. Nikaanza kumweleza kwamba ni vigumu, kompyuta haijui kwamba mkopo umefutwa, mwanachama amefutwa na marejesho yamefutwa, itabidi niandike sentensi ya kila kitu peke yake. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Aliyefuta ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi si kiseme 'Umefuta mkopo', 'Umefuta marejesho'? Mtendaji ni mimi, ngeli ya nini?"

Nikabadilisha neno moja. Nikatuma toleo jipya usiku uleule. Kesho yake saa moja kasoro dakika tano simu ikaita, ni yeye.

"Nimeona umesahihisha. Sasa kuna la pili."